Swichi yenye soketi, waya mweusi ulionidanganya, na pasi iliyowasha taa

Chumba ninachokaa kina soketi moja tu. Moja! Na aliyejenga hii nyumba sijui alikuwa anawaza nini, manake kaiweka pale pale ambapo kitanda lazima kikae, ukihamisha kitanda mlango haufunguki, kwa hiyo huu mwaka wa pili naishi na ekstensheni inayotokea uvunguni, inapita chini ya mkeka, inaenda mpaka karibu na mlango ambako ndo kuna kioo, na asubuhi napiga pasi nikiwa nimekanyaga waya. Mdogo wangu wa kiume amekuja kukaa kwangu baada ya kumaliza form six, keshajikwaa hapo sijui mara ngapi, mara ya mwisho alienda chini na ndoo ya maji. Maji, ekstensheni, mkeka. Hapo nikasema basi.

Sasa pembeni ya mlango, usawa wa kifua hivi, kuna swichi ya taa. Nikawa naiangalia kila siku nikipaka mafuta najiuliza, si umeme upo pale pale? Kwa nini nisitoe hiyo swichi niweke ile yenye swichi na soketi kwenye kava moja, kazi imekwisha?

Nikaingia YouTube. Nikampata mzee mmoja wa Marekani, ndevu nyeupe, anaongea taratibu kama anambembeleza mtoto, akatoa swichi ukutani, akaweka ya swichi na soketi, akapachika kava, dakika nane tu. Nikaiangalia mara tatu. Jumamosi nikaenda Kariakoo nikanunua ya kwangu, elfu saba, nyeupe, swichi moja juu na soketi chini ile inayokubali kila aina ya plagi, yaani pini tatu za kwetu, pini mbili za duara, zote zinaingia. Muuzaji akaniuliza "dada una fundi?" nikamwambia ninaye. Fundi mwenyewe nilikuwa najifikiria mimi.

Nyumba tunachangia LUKU na meni swichi ipo koridoni, kwa hiyo ilibidi nimuombe mama mwenye nyumba ruhusa ya kuzima. Akaniambia "mwanangu, zima, ila tamthilia yangu inaanza saa moja, ukinichelewesha tutagombana." Saa kumi na moja jioni nikashusha meni, mdogo wangu akashika tochi ya simu, nikafungua swichi na bisibisi.

Ndani kulikuwa na waya mbili zimefungwa kwenye skrubu, mwekundu na mweusi, na wa tatu wa kijani umekunjwa kule nyuma haujaungwa popote. Nikafurahi. Mwekundu laivu (unaoleta umeme), mweusi nyutro (unaourudisha), kijani athi (wa usalama, unaoenda ardhini), hata mtoto wa darasa la saba anajua. Ila nisionekane sijali usalama, nikamwambia dogo akapandishe meni kidogo, swichi ikiwa imezimwa, nipime na tesita, ile inayowaka kitaa ikigusa umeme. Nikagusa mwekundu, kitaa cha tesita kikawaka. Nikagusa mweusi, kimya. Si unaona? Anayewaka laivu, aliye kimya nyutro. Nikashusha tena meni kwa kujiamini kabisa.

Ile kitu mpya nyuma ina skrubu tano, mbili za swichi na tatu za soketi zimeandikwa L, N na alama ya athi. Nikafunga mwekundu kwenye swichi, nikakata kipande cha waya nikautoa mwekundu huo huo kwenda L ya soketi. Mweusi nikaufunga upande wa pili wa swichi, na kipande kingine kutoka hapo kwenda N. Kijani kwenye athi. Nikasukumia ndani, nikakaza, kava pah. Kusema ukweli ilipendeza, ilikaa kama imezaliwa pale.

Dogo akapandisha meni. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Tukapigiana makofi wenyewe.

Nikachomeka chaja ya simu. Hakuna kitu. Nikachomoa nikarudisha, hakuna. Nikahisi plagi haijakaa, nikaisukuma, hola. Basi nikazima taa ili nianze upya, na pale pale nilipozima taa, simu ikalia ting. Halafu ikakata. Ting. Ikakata. Na balbu juu ikawa inapepesa, yaani inapiga flashi kila simu inapokata, chumba kizima kimekuwa disko. Nikawasha taa, simu ikanyamaza. Nikazima, ting, flashi, ting, flashi.

Dogo alicheka mpaka akakaa chini. Mi nikasema labda chaja ni feki, hebu tujaribu kitu cha uhakika, nikachomeka pasi, swichi ya taa ikiwa imezimwa. Aisee. Taa ikawaka! Siyo kupepesa, iliwaka vizuri kabisa kama kawaida, na pasi baridi kama imetoka kwenye friji. Nikachomoa pasi, taa ikazima. Nikachomeka, ikawaka. Yaani nimetengeneza swichi ya taa kwa kutumia pasi.

Hapo dogo akaacha kucheka, akaniambia "dada, umeunga kwa mfuatano." Mfuatano ndo nini? "Sakiti mfuatano dada, umeme unapita kwenye pasi kwanza ndo unaenda kwenye balbu." Nikamuuliza sasa nyutro si hii nyeusi, akasema hajui, yeye shuleni alifundishwa kwa betri tu.

Tukafunga kazi, meni ikarudi saa moja kasoro dakika tano, nikakata zile waya za soketi nikaziba na tepu, ikabaki swichi tu na soketi pambo. Kesho yake jirani akaniletea fundi wa mtaani, kijana mchangamfu, akafungua akaangalia kama sekunde tano akasema "ah hii ndogo sana, hapa nyutro haijashushwa ila kuna athi, tunaweka athi pale kwenye N, inapiga kazi fresh, nimeshafanya nyumba nyingi tu." Elfu kumi. Na nitakuwa muwazi, nilikuwa nishatoa elfu kumi mfukoni. Kilichoniokoa ni kwamba ilibidi nimuombe tena mama mwenye nyumba kuzima meni, na mama kusikia neno athi akasema "hapana, subiri aje mzee wangu," yule aliyemfungia umeme kwenye vile vyumba vya nyuma. Sijui alihisi nini. Kijana wa watu akaondoka na nauli.

Mzee alikuja Jumatano jioni. Kibegi cha ngozi kimechakaa, leseni yake ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, ndani ya mfuko wa nailoni, akamuonyesha mama kabla hata ya kuulizwa. Nikamueleza habari ya chaja na pasi, hakucheka, akasema tu "umebahatika taa ilikuwa inakuzuia." Halafu akaniambia niwashe swichi, akafungua kava, akanipa tesita yake mkononi. "Gusa mwekundu." Inawaka. "Gusa na huo mweusi unaoita nyutro." Ikawaka!

Nilirudisha mkono nyuma kama nimegusa moto.

Akanieleza hivi, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Umeme unakuja juu darini. Nyutro inaenda moja kwa moja kwenye holda ya taa, inaishia huko huko, haina shughuli ya kushuka ukutani. Inayoshuka ni laivu peke yake, inakuja kwenye swichi ikatwe au iruhusiwe, halafu inarudi juu kwenye taa. Kwa hiyo zile waya mbili ni laivu ya kwenda na laivu ya kurudi. Huo wa kurudi waliutumia mweusi kwa sababu ndo waliokuwa nao, na sheria ya fundi msafi ni kuuzungushia tepu nyekundu kidogo pale mwisho ili mtu kama mimi asidanganyike, ila wengi hawafanyi. Mimi nilipopima swichi ilikuwa imezimwa, waya wa kurudi umekatwa na laivu, umebaki umeshikana na nyutro kupitia ndani ya balbu, lazima tesita iwe kimya. Tesita inakwambia hapa kuna laivu au hakuna, haikwambii hii ni nyutro.

Na soketi yangu nilikuwa nimeifunga sambamba na swichi. Ukiwasha taa, swichi inaunganisha zile waya mbili, soketi haina kitu. Ukizima, njia pekee iliyobaki ni kupitia kwenye chochote ulichochomeka, halafu kwenye balbu, halafu nyutro. Pasi ina ukinzani mdogo, yaani haiupingi sana umeme, balbu ya LED ya wati 9 inataka umeme kiduchu, kwa hiyo karibu volti zote zinaenda kwenye balbu, inawaka, pasi haihisi hata joto. Chaja na balbu zote zina visakiti ndani ndo maana zilikuwa zinagombania, huyu akiamka yule analala. Dogo alikuwa sahihi, na ameshanikumbusha hilo kama mara arobaini.

Nikamuuliza mbona yule mzungu wa YouTube kafanya na ikakubali. Mzee akaomba aione ile video, akavaa miwani, akaangalia kimya mpaka mwisho. Akasema "huyu nyumba yake si kama hii." Na kweli, nikarudia video nikiwa na akili, mzee wa ndevu alikuwa na waya nyingi kwenye boksi lake, kuna kifurushi cha waya nyeupe nyuma kabisa kimefungwa pamoja, ndo nyutro zao. Baadaye nikasoma nikakuta kanuni zao za umeme tangu toleo la 2011 zinataka boksi la swichi liwe na nyutro, kwa hiyo nyumba mpya nyingi unaikuta pale pale. Halafu kwao mweusi ndo laivu! Nyeupe nyutro, athi ni shaba tupu haina hata plastiki. Kwetu tumerithi kwa Mwingereza, zamani nyekundu laivu na nyeusi nyutro, saivi waya mpya zinakuja kahawia laivu na bluu nyutro, wenyewe Uingereza walianza kubadili 2004, na ukienda Kariakoo leo unazikuta aina zote mbili duka moja. Sasa fikiria mtu umejifunza rangi kwa Mmarekani unakuja kufungua ukuta wa Tabata. Na kwao ni volti 120, kwetu 230.

Habari ya athi ndo iliyonikaa. Nilimwambia mzee yule kijana alitaka kuweka athi kwenye N. Akatikisa kichwa, akatoka nje akanionyesha fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini kando ya mita, akasema "huu ndo mlango wa dharura. Ukiufanya wa kupitisha wageni kila siku, siku ya moto utatokea wapi?" Halafu akamgeukia dogo, kijana umesoma fizikia, piga hesabu, pasi ya wati 1,000 kwa volti 230, na tuseme hii fimbo na udongo wake ina ukinzani wa om 20. Dogo akatoa simu. Pasi yenyewe karibu om 53 (230 mara 230, gawa kwa 1,000), jumlisha 20 ni 73, gawa 230 kwa 73, inapita ampia 3 na kidogo. Zidisha na 20. Akanyanyua kichwa akasema 63. Volti 63 zimekaa kwenye waya wa athi muda wote pasi inapofanya kazi.

Na waya wa athi unaenda wapi? Mzee akanyoosha kidole koridoni. Friji ya mama mwenye nyumba. Ile friji mama anauzia barafu na juisi ya ukwaju, bodi yake ya bati imefungwa kwenye athi hiyo hiyo, na watoto wa mtaa mzima wanakuja pale na shilingi mia mbili mkononi, peku peku, sakafu ya saruji imelowa maji ya barafu. Mimi napiga pasi sare ya kazi chumbani saa kumi na mbili asubuhi, mtoto wa watu anashika mlango wa friji. Na kiangazi udongo ukikauka ile om 20 inapanda. Na waya wa athi ukikatika mahali katikati, basi bati zote zilizounganishwa upande wangu zinashika umeme karibu wote, unasubiri tu wa kugusa. Sikuwa na swali lingine.

Nyumba zenye ile breka (swichi inayojikata yenyewe) ya kuhisi uvujaji, yenye kibonyezo kidogo cha T, huo ujanja wa athi haudumu hata dakika, manake zile za kawaida zinajikata umeme ukivuja miliampia 30 na chaja tu ya simu inavuta zaidi ya hapo. Yetu haina. Mzee amemwambia mama aiweke, mama amesema tutaona mwisho wa mwezi.

Basi ikabaki tunafanyaje. Nilidhani ataniambia tushushe nyutro kutoka darini na yaishe, na inawezekana, unavuta waya kwenye paipu ile ile. Ila akauliza "utachomeka nini?" nikasema pasi, na siku nyingine jagi la kuchemshia maji. Akasema basi hapana. Waya wa taa ni wa 1.5 (milimita za mraba, ndo unene wake) na breka ya taa kwenye ile bodi ya breka ni ya ampia 6, inabeba taa za nyumba nzima. Pasi yangu peke yake inakula ampia 4 na kitu, jagi la wati 2,000 karibu 9. Ningekuwa nazimia watu taa kila asubuhi, halafu siku moja mtu angechoka angeweka breka kubwa zaidi bila kubadili waya, na hapo ndo nyumba zinaungua. Soketi ni waya wa 2.5 na breka yake mwenyewe, pale kwetu ni ya 20.

Kwa hiyo tukavuta kutoka kwenye ile soketi ya nyuma ya kitanda. Tulisogeza kitanda (mlango haukufunguka, mzee alifungiwa ndani na sisi masaa mawili, mama akawa anampitishia chai dirishani), waya tatu za 2.5, zikapigwa ndani ya tranki nyeupe ya plastiki inayofuata ukuta juu ya sakafu mpaka mlangoni, halafu inapanda kwenye boksi. Soketi ikapata laivu yake, nyutro yake na athi yake kutoka huko. Swichi ikabaki na zile zake mbili za zamani, wa kurudi akauvalisha tepu nyekundu. Vile vipande vyangu nilivyokata akavitoa akavitupa bila kusema kitu.

Kabla ya kufunga akafanya jambo moja ambalo nisingelifikiria. Akachukua makapeni akaandika ndani ya kava: BREKA 2, SHUSHA ZOTE. Manake sasa ndani ya kale kaboksi kuna laivu mbili kutoka njia mbili. Mtu akija kubadilisha swichi akashusha breka ya taa, akaona taa imezima, akajua salama, kumbe skrubu ya jirani sentimita mbili pembeni ina moto wa breka ya soketi. Aliniambia kwenye ile ya Wamarekani kuna kijibati kinachounganisha swichi na soketi, unakivunja ukitaka vitengane (alikiona kwenye video, mi sikukiona mara zote tatu). Yangu haikuwa nacho, alikagua na mita mpaka akaridhika.

Soketi yenyewe hakuipenda sana. Zile za pini tatu zetu zina vifuniko ndani vinavyofunguliwa na pini ndefu ya juu, ndo maana tunachokoaga na kalamu tukitaka kuingiza chaja ya pini mbili, na wote tumefanya tusidanganyane. Hii inayokubali kila plagi, ya kwangu haina kifuniko, tundu wazi. Akasema kwa kuwa iko juu mtoto hafiki, iache, ila chini nisije nikaifunga.

Gharama: waya na tranki elfu thelathini na mbili, ufundi elfu ishirini na tano, na ile elfu saba ya mwanzo. Mdogo wangu anasema ningenunua ekstensheni nane. Asubuhi ya kwanza nilipiga pasi miguu ikiwa kwenye mkeka mtupu, kioo mbele yangu, nikazima taa makusudi nione. Pasi ikaendelea kupata moto, balbu ikalala.

Mama mwenye nyumba alikuja kukagua, akapitisha kidole kwenye tranki nyeupe juu ya ukuta wake wa kijani, akasema haijakaa vibaya ila siku ya kuhama nitamrudishia swichi yake kama alivyonikabidhi. Ipo kwenye droo, nimeifunga na skrubu zake mbili kwenye kimfuko.